Makopo Meupe ya Wifi

Wifi yangu ana mdomo, na mimi pia ninao, kwa hiyo tangu nilipoolewa na kaka yake hatujawahi kukaa chumba kimoja bila kurushiana maneno. Yeye ananiita Mikasi, kwa sababu ya kazi yangu ya kukata vitambaa kwenye karakana ya sare za shule, na anadai hata ulimi wangu unakata. Mimi nilimpa jina la Bi Vikopo. Alinuna siku nzima, kisha jina likamganda, na leo hata wazazi wanaomletea watoto wao wamelihifadhi hivyo hivyo kwenye simu.

Kazi yake ni kulea watoto wadogo, wale walioanza kutembea lakini bado hawajafika umri wa shule. Wazazi wakienda kazini wanawaacha kwenye sebule yake, ambayo siku hizi si sebule tena. Makochi yaliondolewa, ukatandikwa mkeka wa plastiki unaofutika kwa kitambaa, ikaletwa meza fupi ambayo pembe zake alizipiga msasa mwenyewe mpaka zikawa butu, na viti vidogo ambavyo mimi nikijaribu kuvikalia ananifukuza kwa ufagio. Ukutani, juu kuliko mkono wangu, kuna rafu ya makopo meupe. Yote yanafanana, yote yana mifuniko, na hakuna hata moja lenye picha wala maandishi. Humo ndimo vinamokaa vitafunio vya watoto, na yeye peke yake ndiye anayejua kipi kiko wapi.

Makopo hayo hayakuja hivi hivi. Wifi alifanya kazi supamaketi kwa miaka mingi, kwanza akipanga bidhaa rafuni, baadaye akiwa keshia, mpaka magoti yalipokataa kusimama kutwa. Kule alijionea mambo. Aliona watoto wakigaragara sakafuni kwa sababu ya pakiti yenye katuni, na wazazi wakiona aibu, wakinunua ili yaishe. Aliona maboksi ya juisi yaliyochorwa machungwa ya kupendeza ilhali ndani mna maji, sukari na rangi. Aliona vikeki vilivyoandikwa "kwa ajili ya watoto" ambavyo mtu mzima akila viwili meno yanamlegea. Alipofungua kituo chake akaapa kwamba pakiti haitavuka mlango wa sebule ile. Akinunua kitu anaikata pakiti jikoni, anamimina kilichomo kwenye kopo, na pakiti inakwenda kwenye pipa la taka.

"Mtoto hali picha," anasema. "Wakiona pakiti watagombania yenye katuni nzuri. Wakipewa kutoka kopo jeupe, wanakula chakula, basi."

Mzazi mgeni akija kuomba nafasi, wifi hamwandikishi mtoto kwanza. Anampeleka mzazi supamaketi. Niliwahi kuwafuata siku moja, nikacheka mpaka mlinzi akanitazama vibaya. Wifi alikuwa ameshika pakiti, ameufunika upande wa mbele kwa kiganja kizima, anamwonyesha mama mmoja aliyevaa suti upande wa nyuma.

"Huku mbele wanajisifu tu. Wewe geuza. Kilichotajwa kwanza ndicho kilicho kingi. Ukiona sukari imekaa kiti cha mbele, rudisha ulipoitoa."

"Na hii haina sukari, inasema sharubati ya mahindi," mama akasema.

"Huyo ni sukari amebadilisha shati."

Kisha akafungua kitafunio alichokwisha kukilipia, akakiweka ulimini, akafunga mdomo, akasimama pale katikati ya rafu bila kutafuna, watu wanampita na matoroli. Hicho ni kipimo chake kingine. Kisipolainika chenyewe mdomoni, hakimfai mtu mwenye meno manne. Bisi hataki kuzisikia, wala zabibu nzima, wala soseji za kukatwa vidonge vya duara, kwa sababu vitu vya namna hiyo humkaba mtoto. Anavyovikubali ni vichache: maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, jibini laini, matunda ya kupondwa yasiyochanganywa na kitu, na biskuti za aina moja tu. Hizo ni biskuti laini za ndizi, ndefu kama kidole, zenye picha ya kifaranga aliyevaa kofia kwenye pakiti. Sisi tulizizoea kwa jina la biskuti za Kifaranga. Unga wa ngano, ndizi, mafuta ya alizeti, maziwa ya unga. Aliyasoma maandishi yale mpaka akawa anayatamka kama shahidi mahakamani.

Mwanangu wa kiume alizipenda biskuti hizo kuliko alivyonipenda mimi. Huyu tunamwita Mheshimiwa, kwa kuwa tangu aanze kutembea hutembea mikono nyuma na tumbo mbele, akisimama kila baada ya hatua chache kukagua. Alilelewa kwa shangazi yake kama wenzake. Lakini Mheshimiwa alikuwa na jambo lake. Kabla hajaanza kutembea, mtoto wa jirani alimlambisha siagi ya karanga kwenye kijiko, na uso ukamvimba na vipele vikamtoka mwili mzima. Daktari akatuambia karanga kwa mtoto huyu ni sumu, na kwamba safari nyingine koo linaweza kuziba.

Wifi aliyachukua maneno yale kama amri. Yeye mwenyewe alikuwa mpenzi wa karanga za kukaanga, alizitafuna akikoga, alizitafuna akilala. Siku hiyo hiyo alizifagia ndani ya nyumba yake zote, mpaka akavuta jokofu kuangalia nyuma yake. "Nimeachana nazo," aliniambia kwa uso mkavu, "na sitaki hata salamu zao." Ndiyo maana mimi nilikwenda kazini kila siku roho imetulia. Kama kulikuwa na nyumba moja duniani isiyokuwa na chembe ya karanga, ilikuwa ile.

Siku hatari yenyewe ilipotokea nilikuwa mbele ya meza ya kukatia, nimeweka vitambaa vya bluu tabaka kwa tabaka, nakata mikono ya mashati. Kazini kwetu simu hukaa kwenye droo ya msimamizi. Akaja na yangu mkononi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Ni wifi yako. Simwelewi anachosema."

Nikaipokea nikiwa tayari na utani wangu. Sikuutoa.

"Mama Mheshimiwa," wifi akasema. Hajawahi kuniita hivyo hata siku moja. "Njoo hospitali. Mtoto anashindwa kupumua."

Wenzangu waliniambia baadaye kwamba niliendelea kukata, moja kwa moja, nikavuka alama za chaki na kupasua rundo zima mpaka pembeni, kisha nikaweka mikasi chini taratibu na kutoka nimevaa aproni. Mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni korido, na mlango uliofunguliwa, na kitanda ambacho juu yake palikuwa na mtoto nisiyemjua.

Nasema kweli, sikumjua. Macho yalikuwa yamefungwa kwa uvimbe, midomo imejaa, shingo imeungana na kidevu, na kifua kinavutwa ndani kila anapotafuta hewa. Nilitaka kumwambia muuguzi nimeingia chumba kisicho changu. Kisha nikaona soksi za njano nilizomvisha asubuhi kwa mikono yangu. Nikapiga kelele ambayo sikujua kama ni yangu, muuguzi akanishika kiuno, na mwenzake akaendelea kumshikia mtoto kinyago cha hewa. Walikuwa wameshamchoma sindano pajani. Wifi alikuwa ameegemea ukuta, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alikimbia naye kifuani mpaka barabarani, akasimama mbele ya gari la mtu asiyemfahamu na kukataa kuondoka mpaka dereva alipofungua mlango.

Sindano ilifanya kazi. Pumzi ikaanza kushuka polepole, ule mluzi wa kifuani ukapungua, na kwa mara ya kwanza akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, akatuvuta pembeni.

"Huyu amekula karanga."

"Haiwezekani," tukajibu mimi na wifi kwa pamoja.

"Amekula nini asubuhi?"

Wifi akajikaza. "Nyumbani alikula uji, mama yake huyu hapa. Kwangu amekula ndizi, amekunywa maji, na amekula biskuti zake. Hapo hapo akaanza kukohoa na kujikuna."

"Pakiti ya biskuti iko wapi?"

"Pakiti huwa natupa, daktari. Lakini maandishi yake ninayo kichwani." Akayatamka yote, unga wa ngano, ndizi, mafuta ya alizeti, maziwa ya unga, bila kukosea. "Na sijanunua leo wala jana. Kopo ni lile lile, watoto wote wamekula humo wiki nzima, na yeye amekula humo wiki nzima."

Daktari akaandika hayo kwenye faili lake. "Basi kuna mahali pengine. Itafuteni. Maana mkirudi naye nyumbani na hamjui ilikotoka, mtarudi naye hapa, na sindano haiwahi kila mara."

Mtoto alikuwa hai, lakini kitu kilichotaka kumuua kilikuwa bado mahali fulani kati ya nyumba zetu mbili, na hakuna aliyekijua.

Ndipo mume wangu akafika. Ni dereva wa lori la mizigo, na alikuja mbio na jasho lake. Wifi alimkumbatia kaka yake, kisha akajitoa ghafla, akamwinamia kifuani na kunusa.

"Kaka. Mbona unanuka karanga?"

Mimi nikaitia mikono kwenye mifuko ya shati lake na kuigeuza nje. Maganda mekundu ya karanga yakadondoka kwenye sakafu nyeupe ya hospitali, mbele ya daktari, mbele ya kila mtu. Shati hilo alikuwa amelivaa tangu jana yake, na ndilo alilokuwa nalo asubuhi alipombeba mtoto begani kumpeleka kwa shangazi.

"Nilikula safarini jana," akasema. "Nikanawa mikono. Naapa nilinawa na sabuni."

"Unataka kuniulia mtoto?" Nilimwambia mengi zaidi ya hayo, na mengine siyaandiki hapa. Wifi alimalizia yale niliyoyasahau. Yule mwanamume mrefu alisikiliza yote kichwa chini, akatoka akakaa kwenye benchi la korido na mikono yake ameiweka magotini, haigusi chochote. Alilala hapo hapo. Sikumpelekea hata maji.

Asubuhi Mheshimiwa alikuwa amerudi kwenye uso wake. Uvimbe ulibaki kidogo kwenye kope tu. Lakini alikataa uji wa hospitali, akakipiga kijiko mpaka uji ukatapakaa kwenye shuka, akalia akiita "Kifa! Kifa!" Hilo ndilo jina lake la biskuti za Kifaranga. Muuguzi akasema tumpe kitu laini alichokizoea, mradi ale. Sisi tulishampata mkosaji wetu, alikuwa amekaa nje kwenye benchi. Kwa hiyo nilimgeukia wifi.

"Nenda kalete biskuti zake."

Wifi akaenda na kurudi na kopo zima amelikumbatia. Nilichukua moja. Tangu jana nilikuwa sijatia kitu tumboni, basi nikaikata katikati, kipande kimoja nikakitupia mdomoni mwangu, cha pili nikampelekea mtoto. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vyote, akauvuta kwake. Biskuti ikagusa kidevu chake.

Ladha ilinijia hapo. Kwanza ndizi, kisha kitu kingine nyuma ya ndizi, kizito, cha kukaangwa, kinachojipaka kwenye kaakaa.

Nilimpokonya mtoto kipande kile kwa nguvu hata akaanguka kwenye mto. Nikakitupa ukutani. Nikamfuta kidevu kwa aproni, nikamfuta tena kwa maji, namtazama midomo, namtazama macho, nangoja uvimbe uanze. Alikuwa ananililia kwa hasira tu. Wifi alikuwa amesimama na kopo lake, ananishangaa.

"Una nini wewe?"

"Karanga," nikasema. "Wifi, ni karanga."

"Umechanganyikiwa kwa kukosa usingizi." Akaenda mbali na kitanda, kule dirishani, akachukua biskuti moja na kuiweka ulimini kama anavyofanya mbele ya wazazi. Akasubiri. "Ndizi. Ndizi tupu. Nilikuambia."

"Chukua nyingine."

Akachukua nyingine. Nikamwona anavyosimama pale amefunga mdomo, jua la dirishani linampiga usoni, na nikaona uso ukibadilika kidogo kidogo, kuanzia kwenye macho. Mtu aliyependa karanga maisha yake yote hahitaji kuambiwa. Aliitema mkononi, akaitazama, akachukua ya tatu, akaivunja, akainusa. Akaweka mbili pamoja kwenye mwanga. Umbo lile lile, urefu ule ule. Moja ilikuwa na rangi iliyokolea kidogo tu, na bila jua lile nisingeiona.

"Zimeingiaje?" nikauliza. "Si ulisema hukununua?"

Alikuwa anatazama ndani ya kopo.

"Nilijaza," akasema mwishoni. "Siku zile. Kopo lilikuwa limefika nusu, nikaongeza pakiti mpya."

"Siku gani?"

"Siku nyingi zimepita. Lakini mpya nazimimina chini, wifi. Zilizobaki nazirudisha juu. Ndivyo tulivyofundishwa kule kazini, bidhaa ya zamani itoke kwanza, mpya ikae nyuma. Nimefanya hivyo maisha yangu yote." Akakaa kwenye ukingo wa dirisha. "Wiki nzima tulikuwa tunakula za juu. Jana mkono wangu ulifika za chini."

Wiki nzima mwanangu alikuwa anakula akishuka tabaka kwa tabaka kuelekea kwenye sumu, na mkono uliomshusha ni ule ninaouamini kuliko wangu. Na sisi wawili, kwa akili zetu timamu, tulikuwa tumemletea kopo lote kitandani.

Nikatoka kwenye korido. Mume wangu akasimama haraka, nadhani alifikiri nimekuja kumwongezea. Nilitaka kumwomba radhi palepale, nikaiahirisha. Nilimwambia tu aende supamaketi, anunue pakiti ya Kifaranga, aje nayo bila kuifungua. Akaondoka mbio.

Alirudi nayo. Kifaranga yule yule, kofia ile ile, rangi ile ile ya njano. "Haina sukari iliyoongezwa," iliandikwa mbele kwa herufi nene, kama zamani. Pembeni tu kulikuwa na kinyota kidogo chekundu kilichosema "Ladha mpya, nguvu zaidi!" Mume wangu akaigeuza nyuma, akaisogeza karibu na macho na kusoma kwa sauti, maana wifi hakutaka kuishika.

"Unga wa ngano. Ndizi. Unga wa karanga..." Akaiweka chini kitandani, kisha akashtuka, akaichukua tena na kwenda kuitupa nje kabisa.

Wifi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Niliisoma," akasema kupitia vidole. "Daktari, niliisoma." Kumbe daktari alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yetu na faili lake.

"Uliisoma lini?"

"Mwanzoni. Nilipoichagua."

"Kiwanda kinabadilisha kinapotaka, mama. Anayejua ni yule anayesoma kila anaponunua." Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Siku hiyo wifi aliwapigia simu wazazi wote aliowahi kuwapeleka supamaketi, akiwa amekaa kwenye benchi lile lile la kaka yake, akirudia kwamba biskuti za Kifaranga sasa zina karanga, mpaka sauti ikakauka. Wengine walimshukuru. Wengine walimtukana na kusema hawaleti tena watoto wao. Mume wangu nilimwomba radhi jioni, akasema yameisha, ingawa mpaka leo hali karanga hata akiwa safari ya mbali. Tulipokuwa tunafunga vitu vya mtoto kurudi nyumbani, wifi akanishika mkono.

"Usimlete tena kwangu," akasema. "Nisikilize, Mikasi. Nimekaribia kumuua mtoto wa kaka yangu kwa mkono huu. Mtafutie mahali pengine."

Nikaendelea kufunga vitu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua hivyo hivyo, na nilifurahi kwamba amesema yeye.

Nikakaa nyumbani siku kadhaa, msimamizi akachoka kunivumilia, ikabidi nitafute. Kituo cha kwanza nilichokwenda kilikuwa kizuri mno, kuta zimechorwa maua na ngazi zina zulia. Mwenye kituo alinipokea kwa tabasamu. Nikamweleza habari ya karanga, akasema, "Usijali, mama, tunawapa vitu vizuri tu." Juu ya meza ya watoto palikuwa na pipi za rangi zote kwenye bakuli, na pakiti ya bisi imepasuliwa, na mtoto mmoja mdogo anatafuna kitu ambacho hakuna mtu mzima aliyekuwa anakitazama. Nikamwuliza bisi zile zimekaangwa kwa mafuta gani. Akacheka, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo tangu azaliwe. Nikamnyanyua Mheshimiwa nikatoka naye.

Sikupanga kwenda kwa wifi. Nilikuwa natembea tu, nimekasirika, na miguu ikafuata njia iliyoizoea.

Mlango ulikuwa wazi. Kabla sijafika nilisikia vilio. Wazazi wengi walikuwa wameondoa watoto wao, wamebaki watatu, na wote watatu walikuwa kwenye meza fupi wanalia kwa njaa. Makopo meupe yalikuwa yameoshwa na kupinduliwa sakafuni. Wifi alikuwa amesimama katikati ya sebule, ameshika ndizi ambayo hajaimenya. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa.

"Wameanza kulia muda mrefu," akasema. "Wifi, siwezi. Nimetupa kila kitu. Nimenunua vipya, nimevisoma mbele na nyuma, nikavisoma tena, nikashindwa kuwapa. Hii ni ndizi. Naijua ni ndizi. Imetoka kwenye mti. Na mkono hauendi."

Niliuona ule mkono. Kweli haukuwa unakwenda, mkono uliokuwa ukirusha pakiti kwenye toroli bila kutazama, mkono wa mtu aliyekuwa akinifukuza kwa ufagio. Nilikuja na hasira yangu yote ya siku kadhaa, nimeipanga vizuri, najua nitaanzia wapi. Ikanitoka sijui ikaenda wapi. Nikaogopa tu. Niliogopa kwa ajili ya mwanangu, na niliogopa kwa ajili yake, na sikujua nimwonee huruma nani kwanza.

Katika kuduwaa kule nilisahau kwamba nimemshusha mtoto. Mheshimiwa alikuwa ameshavuka mkeka. Akawapita wenzake wanaolia, akaenda moja kwa moja mbele ya shangazi yake, akashika sketi yake kwa mkono mmoja ili asianguke, akainua uso ambao kope zake bado zilikuwa na wekundu. Nilitaka kumrukia nimvute. Mwili wangu ulishaanza kwenda.

Akafungua mdomo. Aliufungua wote, akafumba macho, akangoja.

Nimeona mengi wiki ile, lakini hakuna lililonishtua kama hilo. Wifi alikuwa ameganda, machozi yanamdondokea mtoto kwenye nywele, na ananitazama mimi, anasubiri neno langu.

"Imenye, wifi," nikasema. "Mlishe."